Programu ya Ruhusa ya Mjimwema

Inatangazwa kwa wakazi wote wa mji wa Songea na vitongoji vyake kwamba Kampuni ya Upeo Programu imekua. Ilikua juzi, ikakua jana, na leo asubuhi kabla ya chai imekua tena. Mwananchi atakayeiona ikikua asishtuke wala asipige yowe. Ni ukuaji wa kawaida, wenye baraka zote za soko huria.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni kwa Mama Benigna, kule Mjimwema, ambako kampuni ilipanga. Ilianzia sebuleni. Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa na korosho walikuwa wanamiminika Ruvuma kama kumbikumbi baada ya mvua, na kila mmoja alitaka programu ya kompyuta ya kumpigia hesabu za mizani. Sebule ikajaa, kampuni ikaingia vyumbani. Vyumba vikajaa, ikaingia stoo. Mwishowe Idara ya Ukuaji ikahamia banda la kuku, na kuku wakapewa notisi. Tetea mmoja hakuipata kwa wakati, akaendelea kutaga juu ya meza ya Mkuu wa Idara. Mayai yake yakaingizwa kwenye taarifa ya robo mwaka chini ya kichwa cha Mafanikio.

Kwenye korido ulichorwa mstari mwekundu wa kuonyesha ukuaji. Ulipanda, ukapanda, ukagota darini. Kamati ikakaa kutwa nzima kuamua kama mstari ushushwe au dari itobolewe. Dari ikatobolewa.

Mtu wa kwanza kuajiriwa pale alikuwa Aidan, na kazi yake ilikuwa kuandika programu. Wote walioajiriwa baada yake waliajiriwa kuwa wakuu. Sababu yake Mkurugenzi Mtendaji Mkuu, Bwana Kajetani, alijua kuieleza vizuri sana.

"Kampuni inayokua inataka viongozi," alikuwa akisema, mkono mmoja kwenye tai. "Tukiajiri watu wa chini, si tutakuwa tunakua kwenda chini?"

Nani angebisha? Bwana Kajetani alikuwa mtu wa shirika la umma. Shirika lilipobinafsishwa alirudi nyumbani Songea na kiinua mgongo, tai mbili na simu ya mkononi, akafungua kampuni. Basi akapatikana Mratibu wa Kasi, na Mshauri wa Kasi wa kumwangalia Mratibu asikimbie mno. Akapatikana Afisa wa Maono ya Mbali na Afisa wa Maono ya Karibu, ambao kwa mujibu wa vyeo vyao walikuwa hawaonani. Chini yao wote ilikuwepo Idara ya Utekelezaji, yenye mtu mmoja. Kwenye vikao, ilipotajwa idara hiyo, Aidan alisimama, na idara nzima ikawa imesimama.

Siku moja wakuu wote walikwenda semina, Aidan akabaki peke yake. Waliporudi jioni walikuta amemaliza kazi iliyopangiwa mwezi mzima. Jambo hilo liliwatia shaka sana. Ikapitishwa amri kwamba mtumishi haruhusiwi kukaa ofisini bila msimamizi, maana asiyesimamiwa haijulikani anaweza kufanya nini. Amri ikakabidhiwa kwa Mussa, mlinzi wa geti, mtu wa Nakapanya, ambaye hakuwa na masihara na amri.

Sasa Aidan alikuwa na jambo lake. Alikuwa anaoa. Mchumba wake Asumpta alikuwa kwao Maposeni anamsubiri kwa mara ya tatu, kwa sababu harusi ilikwisha ahirishwa mara mbili. Jumapili moja Mzee Egidi, baba yake Asumpta, alimweka Aidan kwenye kigoda nje ya ghala la mahindi.

"Mwanangu, mara ya kwanza uliniambia kampuni inakua. Nikasema haya. Mara ya pili, kampuni inakua. Hata boga, baba, hukua likafika mahali likaiva. La kwenu haliivi?"

"Litaiva, mzee."

"Majina yenu yametangazwa kanisani mpaka watoto wanayaimba wakichunga mbuzi. Jumamosi hii usipotokea, Jumapili nakwenda kwa paroko, nitamwomba ayafute. Na Asumpta amekubali."

Hilo la Asumpta kukubali ndilo lililomkata Aidan maini. Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Bi Pamela, Mratibu Mkuu wa Mapumziko ya Watumishi.

"Dada Pamela, naomba ruhusa. Kuanzia Ijumaa mchana. Naoa Jumamosi."

"Hongera, kaka Aidan! Lakini ruhusa za mdomo zilikuwa zamani, tulipokuwa wadogo."

"Mwezi uliopita ulimpa mtu ruhusa ya mdomo, akaenda kuchukua cherehani."

"Si ndiyo nakwambia, zamani. Siku hizi ruhusa itatolewa na programu. Kompyuta haina upendeleo."

"Programu ipi hiyo?"

"Bado haijaandikwa."

"Ataiandika nani?"

Bi Pamela akafunua majalada yake, akasoma kwa makini. "Idara ya Utekelezaji."

"Hiyo ni mimi, dada."

"Basi una bahati kaka yangu! Utahudumiwa na mtu unayefahamiana naye."

Siku hiyohiyo kikao kikaitishwa, na Bwana Kajetani mwenyewe akatoa maelekezo. "Andika, kijana. Moja: mtu ambaye kazi yake itasimama akiondoka, haendi popote. Mbili: yule ambaye kazi yake haitasimama, apumzike mara moja, apende asipende, mpaka pengo lake litakapoonekana. Mtumishi aliyepumzika ni mtaji."

Wakuu wakapiga makofi.

"Na programu itajuaje kazi ya mtu ni ipi, mzee?" Aidan aliuliza.

Bwana Kajetani akacheka kama anayemwonea huruma mtoto. "Semina ilisema nini? Mteja ni mfalme. Kazi ni kile mteja anachokidai. Kila mtu aulizwe: mteja gani atakudai ukiwa haupo, na atadai nini? Basi. Mambo ya kisasa hayana maneno mengi."

Makofi tena. Afisa wa Maono ya Mbali alipiga akiwa amesimama.

Aidan akaandika kama alivyoagizwa. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Jumatano wakuu wakapanga foleni kujibu swali mbele ya kompyuta, kila mmoja akitokwa na jasho na baridi yote ile ya Julai. Bwana Kajetani alikaa wa kwanza. Kwenye nafasi ya mteja aliandika "Wote." Programu ikamwambia jina la mteja halijaonekana, ajaribu tena. Akaandika "Hamnijui?" Ikamwambia vilevile. Akainuka, akasema mashine inahitaji kusafishwa vumbi.

Aidan akaona kinachokuja, akamfuata ofisini. Kompyuta ya Mkurugenzi ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake chombo cha maua ya plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema haraka, tunakua."

"Ni ile programu, mzee. Ina kasoro. Nadhani itawapa likizo watu wengi. Wengi sana. Na mimi itaninyima. Ungeniruhusu tu kwa mdomo mzee wangu, siku tatu, halafu nikirudi tuitengeneze."

"Kasoro?" Bwana Kajetani akavua miwani. "Kijana, Ijumaa anakuja mgeni rasmi kutoka mkoani kuizindua. Nimemwandikia kwamba haikosei. Sasa wewe unataka ikosee ili uoe?"

Ijumaa ikafika, na kitambaa cha uzinduzi, na soda. Mgeni rasmi akakaribishwa, akabonyeza kitufe alichoonyeshwa, na mashine ya kuchapa ikalia kama bata aliyekanyagwa. Bi Pamela akaichukua karatasi, akaanza kusoma kwa sauti ya redio.

"Kajetani, Mkurugenzi Mtendaji Mkuu. Hakuna kazi itakayosimama. Likizo, kuanzia sasa, mpaka pengo lake litakapoonekana."

Nje yule tetea akalia, ametaga.

Bi Pamela akaendelea. Mratibu wa Kasi: hakuna kitakachosimama, likizo. Mshauri wa Kasi, likizo. Maono ya Mbali, likizo. Maono ya Karibu, likizo. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe alilisoma haraka kama mtu anayevuka maji ya baridi. Wakuu thelathini na ushee wakaisha. Likabaki jina moja.

"Aidan, Idara ya Utekelezaji. Kazi itasimama. Ruhusa imekataliwa."

Akilini Aidan alimwona Asumpta amekaa na gauni lake, na Mzee Egidi anavaa viatu vya kwenda kwa paroko.

Bwana Kajetani alikuwa ameinuka kusema kuna vumbi kwenye mashine, lakini mgeni rasmi akamuwahi.

"Ndugu zangu!" Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Nimezindua visima. Nimezindua majosho. Sijapata kuona viongozi wanaoanza na wao wenyewe! Wengine likizo wanawapa vijana, nyinyi mmejipa nyinyi! Jambo hili nitalifikisha mkoani, na Jumatatu nitapita mwenyewe kuona linavyotekelezwa."

Akampa Bwana Kajetani mkono, akautikisa muda mrefu. Bwana Kajetani akasema asante. Angesema nini tena?

Wakuu wakatoka mmoja mmoja, mikoba mkononi. Aidan akabaki amekaa mbele ya kompyuta. Mussa akaingia na kufuli.

"Kaka Aidan, toka."

"Mimi nimenyimwa ruhusa, Mussa. Hujasikia?"

"Nimesikia. Ruhusa ya kwenda huna. Lakini wasimamizi wako wote wamekwenda, kwa hiyo ruhusa ya kukaa nayo huna. Mimi silindi kwenda. Nalinda kukaa. Toka, kaka, nifunge."

Aidan akamtazama. "Na nikitoka, niende wapi?"

"Wallahi, hilo halimo kwenye amri yangu," Mussa akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Ila nasikia Maposeni kuna pilau."

Jumamosi Aidan akafunga ndoa. Asumpta alipoulizwa kama anakubali, alijibu kabla padre hajamaliza swali, maana alishachoka kungoja mambo yaishe kukua.

Wakuu nao walikuja wote. Wangekwenda wapi? Watu wa Maposeni waliwapa viti vya mbele, nyama na pombe ya ulezi, lakini raha haikuwaingia. Kila mmoja alikuwa anasikilizia kama pengo lake limeonekana. Bwana Kajetani alipanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Egidi, mahali pekee simu iliponasa mtandao, akasimama pale na tai yake kama mlingoti. Mchana simu ikalia. Uso ukamng'aa.

"Haloo! Ndiyo, Mkurugenzi Mtendaji Mkuu anaongea!" Akasikiliza. Uso ukazimika polepole. Akashuka, akapita katikati ya wacheza ngoma mpaka kwa bwana harusi. "Mnunuzi wa kahawa wa Mbinga," akasema. "Anakutaka wewe."

Ilipita saa, ikalia tena. Akashuka tena. Mara ya tatu hakutaja hata cheo.

Jioni, wazee walipokaa kuota moto, Bibi Skolastika, bibi yake Asumpta, akawatazama wageni wake waliojikunyata, akawaonea huruma.

"Wakuu, mbona mmenuna? Kitendawili!"

"Tega!"

"Watu wengi wamebeba ungo mmoja. Akitoka mmoja tu, ungo chini."

"Mshikamano wa kitaasisi," Bi Pamela akajibu.

"Hapana, mama."

"Bajeti!" akasema Mratibu wa Kasi, upesi, kama cheo chake kilivyotaka.

"Hamjapata. Nipeni mji."

Aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, hilo hata wakuu walilijua. Bwana Kajetani, aliyezoea kugawa vyeo, akanyoosha mkono. "Chukua Songea, bibi."

"Ahsante baba. Nimeupokea." Bibi Skolastika akajifunga khanga vizuri. "Nimekwenda Songea. Nimekula vizuri, nimelala vizuri. Asubuhi nikaingia Mjimwema, nikakuta ofisi kubwa, hata dari imetobolewa kwa ukubwa, lakini geti lina kufuli. Nikamwuliza jirani, watu wa hapa wamekwenda wapi? Jirani akaniuliza: watu gani?"

Maposeni nzima ikacheka, na Mzee Egidi akacheka mpaka akashika ubavu. Bwana Kajetani alingoja kicheko kiishe.

"Na jibu la kitendawili, bibi?"

"Jibu lile pale," Bibi akasema, akionyesha uwanjani. "Linacheza."

Jumatatu Bwana Kajetani alifika getini mapema. Mgeni rasmi kutoka mkoani alikwisha fika, anaangalia utekelezaji. Mussa akamruhusu Mkurugenzi aingie kwa dakika chache tu za kujibu swali la programu, kwa kuwa hata aliye likizo anaweza kuwa na pengo. Akakaa. Mteja gani atakudai, na atadai nini? Akafikiri. Akaandika kwa kidole kimoja: "Mnunuzi wa kahawa wa Mbinga. Nimpelekee Aidan simu."

Programu ikaandika: Karibu kazini.

Basi kazi ikaanza. Gari la kampuni lilikuwa limefungiwa ndani, na funguo alikuwa nazo Mkuu wa Usafiri, ambaye pengo lake halijaonekana mpaka leo. Simu nayo ilikuwa mali ya Mkurugenzi, haiwezi kukaa kwa mtu mwingine. Ikabidi Bwana Kajetani aazime baiskeli kwa Mama Benigna na kuchukua barabara ya Peramiho kwenda Maposeni. Na kwa kuwa msimamizi pekee alikuwa njiani kutwa, ofisini hapakuwa na wa kumsimamia Aidan, kwa hiyo Aidan hakuweza kuruhusiwa kurudi. Amri ni amri. Akaendelea kula fungate Maposeni, akipokea wateja chini ya kile kichuguu.

Siku ile ya kwanza Bwana Kajetani alifika anahema, suruali imefungwa kamba miguuni, tai imerukia mgongoni. Bibi Skolastika alikuwa anaanika mahindi. Akamwona anashuka kwenye baiskeli, akaacha ungo wake chini.

"Pole na kazi, mwanangu."

Bwana Kajetani akairudisha tai kifuani. Tangu kampuni ianze kukua, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

"Nimeshapoa, bibi," akasema, akamtolea Aidan simu.