Hotuba ya Kufungua Kituo cha Kupima Betri za Pikipiki, Mau Narok

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Waziri, Chifu wetu na manaibu wake, Askofu uliyetufungulia kwa maombi marefu, Mwenyekiti wa bodaboda Bwana Kiprugut, akina mama wa viazi, itifaki yote ikiwa imezingatiwa, na mimi mwenyewe, Dokta Waithaka, Mkurugenzi wa Umeme wa Magurudumu Mawili: hamjambo? (Makofi machache.) Nimesema, hamjambo? (Makofi kiasi.)

Kabla sijaanza, na nitakuwa mfupi (kicheko), nimshukuru dada yetu Chelagat, ambaye kwa uzalendo ametukopesha betri ya pikipiki yake iendeshe kipaza sauti hiki, maana stima haijafika hapa. (Chelagat: "Mheshimiwa, hiyo betri nimeileta ipimwe. Haishiki chaji, na maziwa ya watu yananingoja.") Tulia, dada. Wewe ndiwe mteja wetu wa kwanza.

Ndugu wananchi, kwa muda mrefu pikipiki ikikataa kuwaka, mwananchi wa kawaida anapiga kiki mpaka goti linalia, kisha ananunua betri mpya bila kujua kama shida ni betri, ni koili, au ni waya uliotafunwa na panya. Ofisi yangu haikulala. Tulifanya public participation, tukafanya benchmarking katika nchi nne zenye hoteli nzuri, na utafiti umebaini kwamba asilimia tisini na saba ya betri zilizokufa hazikuwa na chaji. (Mtu anakohoa.) Hapo mnapiga makofi. (Makofi.)

Kwa hivyo, chini ya framework yetu ya kisasa, mashine itapima volti injini ikiwa imezimwa, ipime tena ikinguruma, na jibu litoke chai ikiwa bado moto, na vijana wataajiriwa, na jirani zetu wa Ndabibi watatuonea wivu, na... (Kipaza sauti kinakoroma, kinazimika. Chelagat anarudisha betri kwenye pikipiki, anabonyeza stata. Haiwaki. Anapiga kiki, anapiga tena, anashika kichwa.)

Msijali, sauti ninayo. (Bethwel, wa bodaboda: "Boss, si hiyo mashine ianze na hii ya Chelagat? Kwani iko wapi?") Swali zuri sana. Mashine iko kwenye pipeline, yaani inakuja.

Semeni nami: Betri bora! (Wananchi: "Maisha bora!") Chaji kwa wote! (Chelagat: "Na maziwa?")

Nikimalizia, namshukuru Mzee Kibii kwa kutuazima ukuta wa stoo yake ya viazi tupige picha. Mzee, sasa toa pazia letu la uzinduzi uendelee na biashara. Nawashukuru vijana wanaopakia jiwe la msingi kwenye gari, polepole tafadhali, kesho tunaliweka Ndabibi. Nanyi wengine wenye nguvu, asanteni kwa kumsukuma dada yetu mpaka kwenye mteremko. Chelagat, pikipiki ikishawaka, hiyo betri usiitupe: huko Ndabibi pia hakuna stima.