Utafiti Mkuu wa Maji Baridi wa Nørreskær

Jumatatu, 6 Januari

Bahari ina ganda la barafu pembeni. Nimeingia. Nimetoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na mzuri kuliko wanaume wote wa rika langu hapa Nørreskær. Ushindani si mkubwa, lakini ushindi ni ushindi.

Habari mbaya: kibanda chetu cha mvuke kimehukumiwa. Fundi wa halmashauri kaja, kabonyeza ukuta kwa kidole, kidole kikaingia. Kasema mbao zimeoza na jiko la kuni ni hatari. Lisipofanyika lolote, kinafungwa mwisho wa mwezi. Nikamwambia tatizo ni kidole chake, kikali mno. Hakucheka. Mafundi wa siku hizi!

Ruzuku ya afya ipo, ila ni moja. Tunaigombania sisi waogaji wa baridi na chama cha watu wa fimbo, wale wanaozunguka mjini na fimbo mbili mbili kama watu walioibiwa skii zao za kutelezea thelujini. Kiongozi wao ni Gudmund Riis, mwalimu wa hesabu mstaafu. Wanataka njia ya changarawe kando ya ufuko. Halmashauri inaamua tarehe 23, na safari hii wametangaza hawataki maneno matamu. Wanataka kusikia tafiti zinasemaje.

Mimi ningeweza kuoga hata kwenye pipa. Lakini Bodil? Tangu mumewe Aksel afariki, vuli iliyopita, Bodil haendi dukani, haendi kanisani, mkate anapelekewa mlangoni. Mahali pamoja tu anakuja: hapa. Anaogelea, anaketi pembe yake ya juu karibu na jiko, ananitukana kwamba napepea taulo kusambaza mvuke kama mtu anayefukuza nzi, anacheka kidogo, anarudi nyumbani. Kibanda kikifungwa, Bodil anafungiwa pamoja nacho.

Hakitafungwa. Nimeapa nikiwa uchi, mbele ya mashahidi.

Jumanne, 7 Januari

Bahati! Mtaalamu aliyeitwa na halmashauri ni Sidsel, binti wa dada yangu! Nimempigia Kopenhagen papo hapo. Nikamwomba aje aseme maji baridi yanaponya kila kitu, tunywe kahawa, tumalize. Akasema, mjomba, mambo hayaendi hivyo. Kazi yake ni kukusanya tafiti zote zilizowahi kufanywa duniani juu ya jambo moja, kuzichambua, kutupa zilizofanywa ovyo ovyo, na kutazama zilizobaki zinasema nini zikiwekwa pamoja.

Nikamwambia kumbe! Hiyo kazi nimeifanya maisha yangu yote jikoni kwenye feri. Kamba wanaletwa kreti zima, unanusa, unatupa, wanaobaki ndiyo supu. Akacheka, akasema ndiyo hivyo hasa.

Nimechukulia kwamba nimeajiriwa.

Nikauliza kreti la maji baridi likoje. Akasema si kubwa: tafiti chache, ndogo ndogo, nyingi za vijana wenye misuli. Hapo akili yangu ikawaka! Kreti likiwa halijajaa, si mtu aongeze kamba wake? Nitafanya utafiti mwenyewe, Sidsel atauchukua, halmashauri itasikia, kibanda kitapona. Shule niliiacha mapema, nayo haikunitafuta. Lakini nimepika supu katika dhoruba ya Baltiki sufuria zikiruka kama mbuzi. Utafiti ndio utanishinda?

Jumatano, 8 Januari

Mpango ni huu. Nusu ya wanachama waingie baharini kama kawaida. Nusu wabaki kavu, wakae tu kibandani. Kisha tutazame nani anapata mafua. Sidsel alisisitiza kura ndiyo igawe watu, si mimi. Nikapiga kura kwa kofia yangu ya sufu, mbele ya wote.

Bodil akaangukia kwa wakavu.

Hakulalamika. Angelalamika, ningevumilia. Alikunja taulo lake polepole, akauliza kama wakavu wanaruhusiwa japo kutazama. Nani ana moyo wa kufanya sayansi mbele ya uso kama ule? Nikasema kofia imekosea. Nikambadilisha na Ejnar, mwenyekiti wetu. Ejnar akawaka: ameoga humu tangu mimi nikiwa namenya viazi vya watu, leo aambiwe akauke? Nikambadilisha na mfamasia. Mfamasia akasema mgongo unamsumbua. Akina dada wa Holm wakasema wao hawajawahi kutenganishwa na hawataanzia kwangu.

Mwisho wa zoezi, kundi la waogaji lilikuwa na chama kizima. Kundi la wakavu lilikuwa na jiko.

Nimempigia Sidsel kumpa habari njema kwamba washiriki wote wameridhika. Akasema, mjomba, usipokuwa na wa kulinganisha nao, huo si utafiti, hiyo ni sherehe.

Jumamosi, 11 Januari

Wakavu nimewapata! Watu wa fimbo! Hawaingii baharini hata ukiwasukuma. Wamekauka tangu kuzaliwa.

Nimewavizia kwenye matembezi yao ya Jumamosi, nikiwa na keki ya lozi na chupa ya kahawa. Gudmund kunipokea tu: haya, mpishi, umekuja kutembea au kulitembeza tumbo? Nikamjibu tumbo hili lina historia, lakini zile fimbo zake zinamtembeza yeye. Wenzake wakacheka. Moja kwangu.

Nikawauliza habari za mafua, kwa ujanja, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Hakuna. Nikawatazama puani mmoja mmoja walipokuwa wanakula. Kavu! Bibi mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu humo. Hakuna hata anayekohoa! Wazima kama farasi wa kijeshi.

Keki wamemaliza. Gudmund alikusanya makombo kwa kidole, akidhani simwoni.

Jumanne, 14 Januari

Balaa.

Ili kuusaidia utafiti, siku hizi nimekuwa nikiwaingiza wote kibandani kwa pamoja, mlango nafunga, mafuta ya mnanaa namwaga juu ya mawe moto ya jiko, taulo nazungusha kwa nguvu zangu zote. Nimempepea kila mtu sawasawa, bila upendeleo. Kumbe mfamasia alikuwa na mafua. Nayo nimeyapepea sawasawa, bila upendeleo.

Leo chama kizima kinapiga chafya. Ejnar anapiga chafya kwa mamlaka, kama mwenyekiti. Akina dada wa Holm wanapiga pamoja. Hata Bodil. Nimempigia kumwomba radhi. Akasema niache upuuzi, hii ndiyo wiki nzuri kuliko zote tangu vuli, simu haipumziki, kila mtu anataka habari za pua yake.

Hata hivyo, hesabu ni mbaya. Walioingia majini: wagonjwa. Wakavu: wazima. Nimethibitisha kinyume!

Jumatano, 15 Januari

Nimemuuliza Sidsel, kwa niaba ya rafiki, itakuwaje mtu akiyaweka matokeo yake kabatini, chini ya soksi.

Sijawahi kumsikia akikasirika hivyo. Akasema huo ndio ugonjwa wenyewe wa kazi yao. Watu wanaficha matokeo mabaya, yanayotoka nje ni yale mazuri tu, na mwisho kreti zima linadanganya na wagonjwa wanapewa dawa zisizofaa. Wao hupoteza muda mwingi wakiyasaka hayo yaliyofichwa. Nikasema kweli huyo rafiki yangu ni mtu wa hovyo. Akasema nimpe salamu, na apunguze keki.

Basi kuficha hakuna. Sitaki binti wa dada yangu aje kunipekua soksi. Lakini nimelala chali mchana mzima nikiwaza, na jibu limekuja lenyewe. Wakavu nao wakiingia majini, hakuna mkavu tena. Hakuna mkavu, hakuna kulinganisha. Hakuna kulinganisha, hakuna matokeo. Na kisichokuwepo hakifichwi!

Wakati mwingine najiogopa mwenyewe.

Jumamosi, 18 Januari

Nimewaalika watu wa fimbo kwenye mvuke wa bure, na keki. Wamekuja wote. Fimbo zimejaa mlangoni utadhani tumevamiwa.

Humu ndani tunakaa kama tulivyozaliwa, ndiyo sheria ya chama. Gudmund akaingia na kaptura ya kuogelea ya kufika magotini. Bodil, kule juu pembeni: mwalimu, hayo mapazia yavulie nje, humu hatuna madirisha! Gudmund akawa mwekundu kabla hata hajafika kwenye jiko. Akatoka. Akarudi bila mapazia.

Nimepepea kama sijawahi kupepea. Nikawapeleka gatini, mbele ya kibanda. Gudmund akashuka ngazi, maji yakamfika kiunoni, akatamka neno ambalo halimo katika hesabu. Kisha akatoka anacheka! Gudmund Riis! Kumbe ana meno.

Aliporudi kibandani akaketi juu, kando ya Bodil. Pale alipokuwa anakaa Aksel. Nilishika taulo hewani, sijui nipepee au niombe. Bodil akamtazama muda, akasema: kaa tu, ila usimwage maji kwenye mawe hovyo kama yule bwana wangu, alikuwa anatuchoma masikio. Gudmund akasema ndiyo, bibie. Akamwaga kidogo kidogo, kwa kipimo, kama mwalimu.

Nikapepea. Mnanaa unachoma macho sana.

Jumatatu, 20 Januari

Kabla hakujapambazuka vizuri, nimemkuta Gudmund mlangoni pa kibanda, peke yake, na taulo. Amesema amekuja kutafuta miwani yake. Alikuwa ameivaa.

Nimemfungulia. Mimi si mtu wa kinyongo.

Alhamisi, 23 Januari

Kikao. Ukumbi umejaa, nusu wanapenga kamasi.

Sidsel akasimama. Mtoto wa kwetu! Anaongea taratibu, hamwonei haya mtu. Akasema kuhusu maji baridi, tafiti ni chache na nyingi ni dhaifu. Na wanaooga mara nyingi ni watu waliokuwa wazima tangu mwanzo, kwa hiyo huwezi kujua kama afya imetoka majini au imeingia nao majini. Hasemi kwamba hayasaidii. Anasema haijulikani. Kuhusu kutembea, tafiti ni nyingi zaidi na zinaaminika zaidi. Basi. Akakaa. Nimemkazia macho ya mjomba, hakugeuka.

Mwenyekiti wa kamati ya halmashauri, Bi Lovise Kragh, akasema amesikia kuna utafiti wa hapa hapa mjini. Nikasimama, nimevaa tai. Nikataka kuzunguka zunguka, lakini Sidsel alikuwa ananitazama, ikabidi niseme yote kwa mkupuo: walioingia majini waliugua, wasioingia hawakuugua, na sasa wote wanaingia.

Ukumbi ulicheka hadi mtu akamwaga kahawa. Sidsel akajifunika uso. Kamati ikanong'onezana, ikatangaza: ruzuku inakwenda kwa watu wa fimbo.

Nikamtazama Bodil. Alikuwa anafunga vifungo vya koti lake, kimoja baada ya kingine, mpaka shingoni, kama mtu anayekwenda kukaa ndani muda mrefu.

Ndipo Gudmund akasimama. Sauti ile ya darasani. Akashukuru, kisha akauliza njia yao inaishia wapi. Bi Kragh akatazama ramani, akasema gatini. Gudmund akasema njia ya wazee, majira ya baridi, inayoishia kwenye upepo mtupu bila pa kukaa, hiyo si njia, hiyo ni adhabu. Chama chake kinaomba njia ifupishwe, na kinachobaki kijenge mahali pa kupumzika. Pawe na kuta. Pawe na jiko. Pawe na benchi ya juu pembeni.

Bi Kragh akauliza kama hapo gatini kuna jengo la kuanzia. Gudmund akasema lipo. Limeoza, na bwana anayepepea humo ndani havumiliki, lakini msingi wake ni imara.

Imepita! Mikono yote juu!

Bodil akafungua kifungo cha shingoni. Akamwambia Gudmund, kwa sauti ya kusikika, basi kesho usichelewe, na usije na mapazia.

Jumapili, 26 Januari

Mafundi wanaanza wiki ijayo. Bodil jana kaenda dukani mwenyewe. Kasema alikuwa amechoka kula mkate uliochaguliwa na watu wengine.

Sidsel kanipigia kabla ya kupanda treni. Kaniuliza, mjomba, katika haya yote umejifunza nini? Nikamwambia nimejifunza kwamba sayansi ikiongozwa na mtu mwenye upeo inaokoa majengo. Pale mwanzo wa utafiti wangu palikuwa na kibanda kinachokufa, pale mwisho kuna kibanda kipya. Nani mwingine ana matokeo kama hayo? Akasema treni imefika. Nilisikia wazi kwamba haijafika. Ni furaha tu ilimzidi.

Sasa, jambo kubwa zaidi. Gudmund analalamika goti. Juzi nilimpa samaki heringi wa siki na kitunguu juu ya mkate mweusi, na jana asubuhi akashuka ngazi ya gati bila kuguna. Heringi! Goti! Mbona hakuna aliyeliona? Nimekaa mezani tangu chai. Hitimisho nimeshaliandika, limekaa vizuri sana: heringi anatibu goti.

Kilichobaki ni kutafuta wagonjwa.