Ombi la Kumwingiza Kaka Yangu Katika Maonyesho

Ibadakuli, Shinyanga
18 Agosti 1954

Kwa Bwana Gregory,
Mwenyekiti, Kamati ya Maonyesho ya Mazao na Kazi za Mikono

Bwana Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini wewe na wanakamati wote ni wazima, na vumbi la maonyesho haliwasumbui kifua.

Naanza kwa jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, si mama, si padri. Ile picha isiyo na jina la mchoraji, iliyoletwa kwenu pamoja na vitambaa vya shule yetu, niliichora mimi. Ni ile ya mtu aliyekaa chini, kichwa kimefunguka juu kama shimo la dhahabu, na ngazi inashuka ndani. Nilitumia masizi, udongo mwekundu na buluu ya kufulia, juu ya kitambaa nilichopewa nidarizi maua. Niko darasa la saba. Sisemi sana, hata nikilijua jibu hunyamaza mpaka mwalimu amuulize mwingine. Ndiyo maana naandika.

Mtu aliye katika picha ni kaka yangu, Jilala. Alikuwa mchimbaji upande wa Geita. Siku moja udongo uliwashukia shimoni. Yeye akatolewa, mwenzake Marselino hakutolewa. Tangu arudi nyumbani Jilala huchimba. Huchimba uani, njiani, na katika mihogo ya majirani, akimwita Marselino. Majirani wakalalamika. Ndipo baba mdogo Mihayo, ambaye si mtu mbaya, alipomtia mguu katika mkatale, yaani gogo lenye tundu, nyuma ya zizi. Yuko huko mpaka leo, na kifundo kimeanza kutoa usaha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliipanga picha pamoja na vitambaa vya meza. Hilo halikuniudhi. Bi Mwamvua, mwamuzi wa ushonaji, aliigeuza nyuma akasema, "Pindo limenyooka. Lakini mgeni gani atakunywa chai juu ya macho haya?" Akaipa nafasi ya tatu. Kaka yangu hajapewa nafasi yoyote.

2. Watu waliisalimu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya magunia ya pamba, nikaona. Bibi mmoja aliinama mbele yake akaiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwanangu. Nani kakufanya hivi?" Akangoja ijibu. Mwenzake akamvuta: "Twende, mama, hicho ni kitambaa." Bibi akasema, "Hata kitambaa kina mama yake." Majirani zetu wakipita nyuma ya zizi hugeuza shingo kana kwamba wameitwa upande wa pili. Naomba kujua ni kwa kanuni ipi kitambaa hupewa salamu na mtu akanyimwa.

3. Watoto walipoiogopa picha wakalia, mlimwita Bwana Stanslaus, dresa wa zahanati, aje kuitazama. Mama amekuwa akimwita tangu mahindi yakiwa machanga, na kila mara baiskeli yake ina pancha. Kwa kitambaa alikuja kwa miguu, tena mbio. Akainamisha kichwa, akasema, "Huyu halali. Asiachwe peke yake, wala asipigiwe kelele." Mkayaandika maneno hayo. Nawashukuru kwa niaba ya kitambaa.

4. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Upepo ulipovuma, karani wenu Makoye alitaka kuifunga picha kwa waya kwenye nguzo. Wewe mwenyewe, Bwana Mwenyekiti, ulimkataza. "Usifunge, Makoye. Waya utaila. Kitu cha namna hii hushikwa kwa mkono." Makoye akaishika, akibadilisha mkono huu na huu, mpaka upepo ukatulia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi, kisha nikafika nyuma ya zizi.

Baada ya kulifikiri jambo hili kwa utulivu, naona kosa la kaka yangu ni moja tu: hakuchorwa. Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, kabla maonyesho hayajafungwa Jumamosi, Jilala apokewe kama kazi ya mikono. Aliyemtengeneza ni mama yetu, Mbuke, naye yuko tayari kutia dole gumba. Hatutaki zawadi, nafasi ya tatu inatosha. Apate tu yale kiliyoyapata kitambaa: kivuli, salamu, dresa asiyetegemea baiskeli, na mtu wa kumshika upepo ukivuma. Ikiwa kanuni zinadai kazi iwe bapa, atalala chali. Ikiwa zinadai itundikwe ukutani, tutazungumza.

Pili, picha irudishwe kwetu tuitie katika mkatale badala yake. Haichimbi, haiiti mtu, wala haitoi usaha. Ni mgonjwa ambaye kila mji ungependa kuwa naye.

Tatu, mkimpokea Jilala, muwe tayari kupokea na wengine. Ukitembea kutoka kwetu mpaka stesheni, nyuma ya mazizi utawakuta wengi waliotengenezwa na mama zao. Mtahitaji banda kubwa kuliko lile la pamba.

Wasalimie wanakamati, Bi Mwamvua, Makoye na mikono yake, na fahali aliyepata nafasi ya kwanza. Mama anawasalimu. Jilala naye angewasalimu, kama angesalimiwa.

Ni mimi, ninayewaheshimu zaidi ya ninavyoweza kusema mbele yenu,

Paskalina Mabula

Nyongeza. Maombi yote matatu yafutwe, na picha kaeni nayo. Kabla ya kubandika stempu nilimpelekea Jilala uji, nikamsomea barua hii. Nilipofika pale Makoye anaposhika kwa mkono, Jilala alinitazama akasema, "Wewe mkono wako unauma?" Niliiweka barua chini. Mkatale hauna kufuli. Una kigingi cha mti tu. Nilitafuta jiwe, nikakigonga mpaka kikatoka. Baba mdogo akaja akasema, "Akifika kwenye mihogo ya watu, utajibu wewe." Nikamwambia, "Nitajibu, baba." Akaenda kuwatazama ndama. Nilimwosha Jilala kifundo kwa maji ya chumvi. Alipoweza kusimama alikwenda uani, akaanza kuchimba. Nilichukua jembe la pili, nikachimba pamoja naye.