Kamati ya Kurejesha Hamu

Hakuna mtu katika nchi hii aliyeshughulikia hamu ya wanawake waliokoma hedhi kwa ngazi ya juu kunizidi. Niliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati siku ileile ilipoundwa, baada ya kugundulika kwamba kanuni inataka awepo mwanamke, nami ndiye niliyekuwa napangusa meza.

Tulikutana ghorofa ya juu ya zahanati. Chini palikuwa na chumba kipya cha kutibu wanawake wa umri huo, kimepigwa kufuli mpaka tutoe pendekezo. Mdogo wangu alikuwa anashinda kwenye benchi la mlangoni pake. Tangu hedhi ikome, tendo la ndoa lilikuwa limegeuka maumivu, na mumewe ameanza kurudi nyumbani kwa kuchelewa. Naye bado anampenda bwana yule, ndiyo taabu yenyewe.

Kamati ilifanya kazi kitaalamu. Tuliwahoji waume. Wake hatukuwaita, wasije wakaegemea upande wao. Mume mmoja akasema mkewe siku hizi humgeuzia mgongo. Ikaundwa kamati ndogo ya migongo. Mwingine akasema wake hulala mapema. Tukapendekeza jua liwe linazama mapema zaidi.

Daktari, mama mpole asiyejua siasa, akaeleza kwamba homoni zikipungua uke hukauka na kuuma, joto hupanda, usingizi hukatika, na hamu hujiondokea yenyewe. Yapo mafuta ya kulainisha, ipo krimu, zipo homoni kwa anayefaa kuzitumia, na yapo mazungumzo ya mke na mume. Mwenyekiti akamshukuru, akaelekeza neno "uke" lifutwe kwenye kumbukumbu, lisomeke "eneo husika".

Kisha akatoa msimamo.

"Ndugu wajumbe, huu ni uvivu tu. Mke wangu ana umri huohuo, na kwangu moto unawaka, hakuna aliyelalamika. Chumba hakihitajiki."

Wajumbe wakagonga meza. Nami niligonga, maana nilikuwa naipangusa.

Nikaomba kwa unyenyekevu tumsikie japo mwanamke mmoja. Wakakubali, kwa kuwa chai, ambayo nayo ni idara yangu, ilikuwa haijaiva. Nikashuka. Mdogo wangu akaona haya, akanisukumia mwenzake wa benchi, mama asiyemung'unya maneno. Nikampandisha ngazi bila upendeleo wowote. Ni kweli nilikuwa namfahamu mumewe, lakini kanuni haikunikataza.

Akaingia, akawapitia wajumbe mmoja mmoja kwa macho, akaishia kwa mwenyekiti.

"Baba watoto," akasema taratibu, "si kila jioni unaniambia unakipigania hiki chumba, ila yuko mkubwa mmoja anakataa?"

Mwenyekiti akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Basi nionyeshe, mume wangu. Ni yupi hapa?"

Mwenyekiti akakohoa.

"Ametoka kidogo," akasema.