Pipi Kumi na Nne za Dada Mwanaidi

Leo nimeumbuka. Siyo kuumbuka kwa kuchanikiwa na suruali, hapana. Nimeumbuka mbele ya serikali ya watu.

Mnaonijua mnajua usingizi ulinikimbia tangu kontena letu likwame bandarini. Nikasoma mtandaoni habari za CBD, ile dawa inayotolewa kwenye mmea wa bangi lakini hailevyi. Nikamwandikia dada Mwanaidi, dada yangu wa tumbo moja anayeishi Ujerumani: "Nitumie." Akajibu, "Nitaona." Wiki mbili zilizopita mtu akaja na mzigo kutoka kwake, akauacha ofisini kwangu hapa China, jengo la Tianxiu. Ndani kuna chupa ya pipi laini za kutafuna, imechorwa jani. Maandishi yote Kijerumani. Jani nikaliona, nikaelewa. (Msomi!)

Mke wangu Zuhura sikumwambia. Yeye anasuka nywele ghorofa ya chini, na mdomo anao. Siku zote hizo analalamika kwamba mzigo wake kutoka kwa wifi yake haujafika. Nikajua ni mambo ya rasta, nikanyamaza.

Na pipi zikafanya kazi! Nalala hadi nakoroma. Ndiyo maana leo asubuhi, nikiwa kwenye foleni nje ya ofisi ya viza, nikarekodi sauti ya dakika sita kwenye kundi letu la wafanyabiashara:

"Jamani, mafuta unadondosha chini ya ulimi, unashikilia kama dakika moja, robo saa tu unayasikia. Ila ladha yake, utadhani umelamba zizi. Vidonge vinapitia tumboni, vinachelewa. Krimu inatuliza pale ulipopaka, usitegemee ikulaze. Kuvuta kunawahi kupanda na kunawahi kuisha, halafu kifua kingine utakitoa wapi? Pipi ndiyo mfalme! Inachukua saa moja hadi mbili, lakini ikipanda haishuki leo. Mkitaka ushauri, daktari nipo."

(Daktari! Shule niliishia kidato cha nne.)

Jibu la kwanza likatoka kwa Papa Kalonji, Mkongo anayenunua jinzi kule soko la Zhanqian. "Mukubwa, ile kintu huku China ni interdit, imekatazwa! Kabisa! Unatafuta prison?"

Nikaangalia mbele. Watu watatu, halafu mashine ya kukagua mabegi. Chupa imo ndani ya begi langu, ndimo ninamoificha Zuhura asiione. Viza yangu inaisha kesho, na ya Zuhura imening'inia kwenye yangu. Nikitoka kwenye foleni, kesho kutwa tunafungasha wote wawili. Pipa la taka lilikuwepo, lakini mlinzi alikuwa ameliegemea.

Nikala ushahidi.

Pipi kumi na nne, jamani! Nilitafuna kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Mama mmoja wa Kichina akanionea huruma, akaninyooshea maji. Chupa nikairudisha kwenye begi, maana chupa tupu si kosa. Nikapita salama, nikachukua namba, nikakaa.

Ndipo nikaukumbuka mhadhara wangu mwenyewe. Yangekuwa mafuta, ndani ya robo saa ningeshajua hali yangu. Pipi je? Nilizila saa tatu na nusu. Kwa hesabu za daktari, shehena yote ingepanda saa tano kamili. Namba yangu iliitwa saa tano kasoro dakika mbili.

Wallahi nilikuwa nimeshaanza kuona mambo. Sakafu inapumua. Miguu siyo yangu. (Ulikuwa woga mtupu, lakini mwenye woga utamwambia nini?) Afisa, binti mwenye miwani, akaongea na simu yake ya kutafsiri, nayo ikasema Kiswahili kwa sauti ya matangazo ya stesheni: "Habari. Unafanya kazi gani?"

Swali jepesi kabisa. Mimi nikaangua kilio.

"Sikujua inakatazwa! Nilitaka kulala tu! Mke wangu hahusiki, msimfukuze!" Nikaiweka chupa tupu mbele yake.

Akaimulika kwa simu, akasoma. Akaniangalia. Akasoma tena. Kisha akaiambia simu jambo, na simu ikatangazia ukumbi mzima: "Hizi ni vitamini za wanawake wajawazito. Je, wewe una mimba ya miezi mingapi?"

Sasa, mle ukumbini palikuwa na Watanzania wasiopungua sita. Jamaa mmoja wa Kariakoo nyuma yangu akapaza sauti: "Jamani mpisheni akae, ana hali!"

Kiti kikaletwa. Haki ya Mungu kililetwa! Nikakikalia, ningefanyaje? Afisa alikuwa amejificha nyuma ya faili, mabega yanamtikisika. Alipopata pumzi akapokea fomu zangu na kunipa risiti, pasi nikachukue wiki ijayo.

Nikampigia Zuhura. "Ule mzigo wako wa Mwanaidi..."

"Umefika?"

"Nimeula."

"Wote?"

"Wote. Zuhura, zile pipi zilikuwa za nani?"

"Unadhani za nani, mume wangu? Nilikuwa nangoja Ijumaa nikwambie, na pilau mezani."

Hapo sakafu ikapumua kweli. Miaka sita tumeomba. Nikalia tena, safari hii kwa furaha, kwenye kiti kile kile, na yule wa Kariakoo akawa ananipepea kwa fomu yake ya viza.

Dada Mwanaidi nimemuuliza CBD yangu iko wapi. Kasema, "Nikutumie China? Nina wazimu?" Kwa hiyo wiki mbili nimelazwa usingizi na vitamini za mke wangu.

Najua kundini mmeshanibadilishia jina, kutoka Daktari hadi Mama Kijacho. Sawa. Ila mkinipigia msicheke kwa nguvu. Mwenye hali kama yangu hatakiwi kushtuliwa.