Shingo ya Mume Wangu

Jumanne, 4 Juni

Mguu wa kushoto umegoma tena. Tangu juzi naukokota kama mtoto asiyetaka shule. Daktari wa mishipa ya fahamu akanigonga goti, akanikuna wayo, akasema ugonjwa umeamka. Anataka nianze dripu ya dawa wiki hii, siku tatu mfululizo. Mapema ndiyo bora, alisema, tusiuache mguu uzoee uvivu.

Nikauliza madhara. Akasema usingizi utapungua, njaa itaongezeka, na uso unaweza kuvimba kidogo ukawa duara. Kwa muda tu.

Uso! Nimeolewa juzijuzi. Mume wangu (neno hili bado naliandika polepole, kama mtu anayelamba kijiko) hajamaliza hata kuutazama huu wa sasa. Nikamwambia daktari nitafikiria.

Nyumbani mume wangu akauliza daktari kasemaje. Nikasema kasema nipumzike. Si uongo. Hakusema nisipumzike.

Jumatano, 5 Juni

Siku njema kupita zote, ukiacha ya harusi.

Kundi letu la wagonjwa wa MS, huu ugonjwa wetu wa mishipa ya fahamu, hukutana kila Jumamosi katika ukumbi ulio nyuma ya zahanati, lakini kazi yenyewe hufanyika kwenye simu. Leo mwenzetu mmoja, dereva wa lori mstaafu, katutumia makala. Mungu amzidishie. Siku zote madaktari hutuambia kwamba kinga ya mwili wetu wenyewe ndiyo inayotafuna ganda la mishipa ya fahamu. Kikulacho ki nguoni mwako. Makala yanasema sivyo. Yanasema ile mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani imebana shingoni, damu inakwama njiani, ubongo unachafuka. Izibue tu, mambo yamekwisha. Kama bomba la sinki.

Nimeyasoma mara tatu. Kuzibua sinki hakumvimbishi mtu uso.

Nikayasambaza kundini na mioyo minane chini yake. Kabla sijaweka simu, jibu likaingia. Neno moja: Chanzo? Ni yule mkaguzi wa shule mstaafu, mwenye fimbo mbili, ambaye ameugua MS tangu mimi sijazaliwa. Sisi vijana tunamwita Bi Chanzo. Akaendelea kwamba nadharia hiyo ni ya zamani, hata yeye aliwahi kuiamini. Watafiti wakaipima. Wagonjwa wengine walizibuliwa mishipa kweli, wengine waliigiziwa tu bila kujua, na mwisho hawakutofautiana.

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba basi habari ni njema maradufu. Kumbe hata kuigiza kunasaidia.

Akanyamaza kabisa. Nadhani nimemshinda.

Alhamisi, 6 Juni

Hakuwa amenyamaza. Alikuwa anaandika. Ujumbe mrefu kama hotuba ya kufunga shule. Kiini chake: hata wakinikuta na mshipa uliobana, hiyo si hoja mpaka nimewapima na watu wazima wasioumwa, nikalinganisha. Bila hao, binti yangu, hizo ni ngano.

Binti yangu! Mbele ya kundi zima.

Sawa. Anataka watu wazima, atawapata. Nani aliye na shingo nyingi kuliko mimi? Nimeolewa na kinyozi. Shingo za watu ndizo riziki yetu. Nikajikokota hadi kibandani kwake, nikakaa kwenye benchi, nikaanza kuchunguza wateja. Mmoja ana mshipa mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Mwingine haonyeshi kitu. Nilimsogelea huyu wa pili ili nione vizuri, na wembe ulikuwa bado kidevuni. Akauliza kwa sauti ndogo kama huyu dada ana tatizo naye. Mume wangu akasema hapana, bwana, ni mke wangu, anajifunza kazi. Yule bwana akasema basi ajifunzie kwa mwingine. Akaondoka na nusu ya ndevu.

Mume wangu hakunigombeza. Alikung'uta kitambaa, akaketi karibu yangu, akasema muuguzi wa kliniki kampigia simu kuuliza mbona mkeo haji kwenye dripu. Akanitazama. Nikautazama mguu wangu.

Nikamweleza habari ya sinki. Alisikiliza yote, na macho yake yale! Kisha akasema kama nataka shingo nzima ya kulinganisha, yake si ipo? Tukapimwe wote wawili. Lakini baada ya hapo, mke wangu, dripu.

Nilimkumbatia mpaka mashine ya kunyolea ikaanguka. Mwanamume wa kunitolea shingo yake. Wako wangapi duniani?

Ijumaa, 7 Juni

Dereva wa lori ana binamu anayepiga picha za ultrasaundi. Kwa kawaida hupiga wajawazito, lakini alisema mshipa ni mshipa.

Tulikaa kwenye foleni katikati ya matumbo. Mume wangu alinishika mkono. Mama mmoja akatutazama kwa huruma akasema wa kwanza huogopesha hivyo hivyo. Nikashindwa kumkatalia, alivyofurahi.

Mimi nilianza. Jeli ya baridi shingoni, upande huu, upande huu. Binamu akasema mishipa yangu ni mipana, damu inashuka kama maji ya mfereji, hakuna kilichobana. Nikamwomba aangalie tena. Akaangalia tena. Mipana.

Kisha akalala mume wangu, mtu mzima wa kulinganisha, mwenye afya ya farasi. Binamu akakunja uso. Akasogeza kile kifaa. Akasema upande wa kushoto umebana kweli, huu unafaa hata kwenye yale makala yenu.

Mume wangu! Wangu!

Binamu akacheka, akasema tusihangaike, mishipa ya shingo hubadilika hata ukigeuza kichwa, watu chungu nzima wazima wako hivyo na wanaishi mpaka wajukuu. Maskini, anatufariji. Nimeona jinsi alivyofuta ile jeli, taratibu, kama anayemfuta mtu machozi.

Jioni mama mkwe akaingia bila hodi, amebeba kofia ndogo nyeupe ya kufuma. Habari za foleni zilikuwa zimemfikia. Nikamweleza kwamba hakuna mtoto, aliyekutwa na tatizo ni mwanawe. Akakaa chini. Akasema yeye alizaa mtoto mzima, shingo na vyote, na kama kuna kilichobana basi kimebana baada ya kuoa. Kofia akarudi nayo.

Jumamosi, 8 Juni

Mkutano. Nilisimama (nimeegemea meza) nikatoa matokeo. Bi Chanzo akainua fimbo moja kuomba nafasi. Akauliza kama amenielewa: mgonjwa mishipa yake ni mizuri, kinyozi mzima ndiye mwenye mshipa uliobana? Nikasema ndiyo. Akauliza je, hilo linatuambia nini kuhusu nadharia?

Nikasema linatuambia kwamba mume wangu ni mgonjwa na hajijui.

Watu walicheka. Dereva wa lori alicheka mpaka akakohoa. Bi Chanzo peke yake hakucheka. Alinifuata mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni ule uso. Nikasema uso gani? Akasema wake ulivimba miaka ile, akakataa dozi iliyofuata, na ndiyo maana fimbo ni mbili na si moja. Asiyesikia la mkuu, akasema, na hakumalizia.

Nilimwambia mguu wangu haujavunjika, umelala tu. Lakini sikula chakula cha mchana vizuri.

Jumapili, 9 Juni

Mume wangu kwanza. Mguu wangu utasubiri.

Makala mengine (kayatuma dereva) yanasema ukilala kwenye mteremko, kichwa juu, damu hushuka yenyewe. Jana usiku niliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, mawili mawili. Nikamlaza, nikambusu pale shingoni palipobana.

Asubuhi nilimkuta mwishoni mwa kitanda, magoti nje, kama barua iliyoshindwa kuingia kwenye bahasha. Nikamrudisha juu. Akateleza. Nikamfunga kiunoni na kanga yangu. Akasema anakwenda kazini. Siku ya mapumziko! Nimemfuata, nimemkuta amelala kwenye kiti cha wateja, mdomo wazi. Dalili mbaya.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeanguka. Nilikuwa na beseni la maji, mguu ukabaki nyuma ya kizingiti, mimi nikaenda mbele. Sikuumia, ila nilikaa pale kwenye maji nisijue ninyanyuke kwa upande gani. Nilijaribu kuviita vidole vya mguu. Havikuitika.

Mume wangu alinikuta hivyo. Akaketi na yeye, kwenye maji yale yale, na suruali yake ya kazi. Hakusema nilikwambia. Akauliza tu kinachoniogopesha ni nini hasa, maana mwanamke asiyeogopa kumfunga mume kwa kanga haogopi sindano.

Nikasema uso.

Akasema ameshika nyuso za kila umbo kwa mikono yake tangu ujana, za duara, za pembe, za kama yai, na hakuna hata mmoja aliouoa. Akasema yeye alioa mtu, na anataka huyo mtu atembee.

Nililia. Kisha nikatoa masharti, maana nafasi kama ile haiji mara mbili. Nitatundikiwa dripu, lakini kila siku ya dripu yangu na yeye atalala kwenye matofali, na usiku atakubali nimkande shingo. Mgonjwa kwa mgonjwa. Akajifanya kufikiri sana. Akaomba tofali moja lipungue kila upande. Nikamkubalia.

Nimempata! Hakujua hata ameingiaje kwenye matibabu.

Alhamisi, 13 Juni

Dripu zimekwisha, leo ndiyo ya tatu. Siku zote tatu alikaa pembeni ya kiti changu, kibanda amekifunga. Alinyoa ndevu za mgonjwa wa kiti cha pili, bure, ili mikono isikae kizembe. Muuguzi akasema hajaona ndoa kama hii. Nikasema na mimi sijaona.

Daktari alisema kweli, nimechangamka. Nimefua mapazia. Nimefua ya jirani. Nimekula mkate mzima nikitazama mwingine. Uso, ndiyo, umeanza kujaa. Mume wangu aliushika kwa viganja viwili, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga, akasema sasa kuna mahali pengi pa kubusu, na yeye hulipwa kwa eneo.

Jumamosi, 15 Juni

Mguu umeamka. Leo nimepanda ngazi za ukumbini mpaka juu bila kushika ukuta. Nimezishuka. Nimezipanda tena, mume wangu nyuma yangu, mikono ameitandaza kama anayefukuza kuku.

Bi Chanzo alikuwa juu. Akanipigia makofi, fimbo zikaanguka zote mbili, tukaziokota tukicheka. Akasema umeona, binti yangu, kazi ya dripu? Safari hii lile binti yangu halikuniudhi. Ila sikutaka abaki gizani. Nikamweleza pole pole kwamba dripu ni sawa, imechangia, lakini atazame mpangilio. Mume wangu amelala kwenye mteremko, shingo yake imezibuka, na papo hapo mguu wangu umetembea. Mume na mke si mwili mmoja? Nani amewahi kulifanyia hilo utafiti?

Bi Chanzo akamtazama mume wangu, na mume wangu akatazama viatu vyake, mabega yakimtikisika. Ana hisia nyingi, mpenzi wangu.

Kwa hiyo nimeshaamua. Ugonjwa ukiamka tena sitamsumbua daktari na mimi. Nitamwambia amtundikie mume wangu.