Uhakiki wa Umaskini kwa Macho

Kwa furaha kubwa, halmashauri ilitangaza kwamba hakuna tena mtoto wa maskini atakayekosa chuo, ilimradi umaskini wake uhakikiwe. Ikaundwa Kamati ya Uhakiki wa Umaskini. Mwenyekiti wake, Bwana Polycarp, hakuamini maneno ya watu. Aliamini macho yake, na tumbo kidogo.

Walianzia kwenye nyumba ya wapangaji, nyuma ya soko la Kariakoo. Chiku alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi. Ada isipolipwa kufikia Ijumaa, nafasi imekwenda. Mama yake, muuza mihogo ya kukaanga, aliposikia wageni wa serikali wanakuja, alifanya jambo ambalo kila mwanamke wa uani angefanya. Akaazima viti kwa jirani yake Hajira, akakopa soda dukani, akapika pilau.

Polycarp alikula sahani mbili. Akajifuta mdomo kwa masikitiko.

"Mama, pilau Jumanne?"

"Sasa mheshimiwa, mgeni nimpe mihogo?"

"Shikamoo baba," Chiku alisema kwa sauti ndogo. "Hata viti ni vya jirani."

"Marahaba. Binti, maskini wa kweli anampata wapi jirani mwenye viti?"

Muhuri ukagongwa: FAMILIA INA UWEZO.

Kwa kutenda haki, kamati ilihakiki pia nyumba ya Polycarp, maana mwanawe Godbless naye aliomba kulipiwa ada. Mkewe aliwaacha wamesimama mlangoni, hata maji hawakupewa. Wajumbe walihuzunika. Godbless akapata ufadhili palepale.

Likatokea tatizo dogo. Kanuni aliyoitunga Polycarp mwenyewe ilikataza maskini aliyethibitishwa kushika fedha za umma, asije akashawishika. Akaondolewa uenyekiti. Mrithi alitakiwa awe mwananchi mwenye uwezo uliogongewa muhuri. Alikuwepo mmoja tu.

Alhamisi, Mama Chiku aliingia ofisini ananukia mafuta ya mihogo, akaamuru uhakiki urudiwe bila taarifa. Wakaanza na Polycarp. Walimkuta mezani, kuku mzima mbele yake, televisheni pana kama mlango. Akababaika, mdomo ukasema wenyewe:

"Karibuni, tule!"

Mama Chiku hakukaa. Akamgeukia katibu.

"Andika. Wanakaribisha wageni chakula. Wana uwezo."

"Na ufadhili wa Godbless sasa apewe nani, Mwenyekiti?"

"Hilo jadilini nyie, mimi natoka nje. Sitaki nisikie habari za undugu."

Wajumbe walivuta viti. Wakampitisha Chiku kwa kauli moja, midomo imejaa kuku wa Polycarp.